Picha imeonyesha mfupa umeota kwenye nyonga. Ukatwe?

Wateja wengi wa nyonga huingia kliniki kwetu na bahasha ya eksirei mkononi na ombi moja: huu mwiba ulioota utolewe. Basi tuanze na hilo. Sisi ni watu wa mazoezi tiba, hatukati mtu. Halafu, kwa wengi wao, hata daktari wa upasuaji hatakubali kuukata peke yake, na ana sababu.

Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja kilichoingia kwenye kikombe cha mfupa wa kiuno. Pande zote mbili zimefunikwa na gegedu, tabaka nyororo linalofanya kiungo kiteleze. Gegedu likianza kulika, hali ambayo hospitalini huitwa osteoathraitisi na mitaani tunasema nyonga imesagika, uzito hauelemei tena mahali pote sawasawa. Chembe zilizo kwenye ukingo wa kiungo huamka na kujenga gegedu jipya pembeni, na gegedu hilo polepole hugeuka mfupa. Ndiyo ile miiba inayoonekana kwenye mdomo wa kikombe na kuzunguka kichwa cha paja. Inaonekana ni namna ya mwili kutanua eneo la kubebea uzito na kukaza kiungo kilichoanza kuyumba. Ukiiondoa, gegedu lililolika halirudi.

Wala haisababishwi na maziwa, dagaa au vidonge vya kalsiamu. Kuna watu wameacha kula dagaa kwa hofu hii. Rudini kwenye dagaa zenu.

Maumivu ya nyonga nayo yana ujanja wake. Kwa kawaida hukaa kwenye kinena, ndiyo maana wanaume wengi huanza kwa kutibiwa ngiri. Wengine huumwa goti, kwa kuwa baadhi ya mishipa ya fahamu inahudumia nyonga na goti kwa pamoja. Goti linapigwa picha, halina kitu. Anayeumwa nyuma tu, makalioni, mara nyingi tunamwangalia mgongo kwanza.

Kinachopotea mapema ni mzunguko. Tunakulaza chali, tunakunja goti, kisha tunasogeza unyayo wako kuelekea nje taratibu. Nyonga nzima huzunguka hivyo nyuzi 30 na zaidi. Iliyosagika huweza kugoma kabla ya 15. Hapo mwiba mkubwa una mchango wake kweli, kwa sababu mfupa unagota kwenye mfupa. Nyumbani utaliona hilo unapokata kucha za miguu, unapokaa kwenye mbuzi kukuna nazi, chooni kwa kuchuchumaa, au unaporusha mguu kupanda bodaboda.

Lakini ukubwa wa mwiba si kipimo cha maumivu. Madaktari hupanga picha kwa ngazi, 0 ikiwa nyonga safi hadi 4 iliyosagika zaidi, mfumo wa Kellgren na Lawrence wa mwaka 1957, na yupo mwenye ngazi ya 3 anayetembea sokoni bila shida, na mwenye ngazi ya 2 asiyelala. Kwa hiyo tunatibu mwendo wako, picha inakuja baadaye. Mama mmoja muuza vitumbua alishindwa kabisa kukaa kwenye kigoda. Tulimpa mazoezi ya misuli ya makalio na mapaja, na jiko likapandishwa juu ya matofali ili akalie kiti kirefu. Miiba yake ipo vilevile. Biashara inaendelea.

Mazoezi hayo yanataka kama wiki 8 hadi 12 kabla ya kuyahukumu. Bakora pia inasaidia sana, ila ishikwe mkono wa upande usiouma. Karibu kila anayekuja nayo ameishika upande mbaya. Na uzito: ukitembea, nyonga hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili, hivyo kilo 5 zikipungua, nyonga inapumua zaidi ya kilo 10 kila hatua.

Dawa ya kuyeyusha mwiba haipo, iwe ya kunywa, ya kupaka au ya unga, hata kama muuzaji ana ushuhuda wa watu mia. Diklofenaki, dawa ya maumivu, inatuliza, lakini kuinunua duka la dawa kila wiki bila kupimwa ni kuchokoza vidonda vya tumbo, figo na presha.

Kijana anayeumwa nyonga asiambiwe ni uzee umewahi. Kwa mwenye selimundu, aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu au mnywaji sana wa pombe, huenda kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu na mfupa huo unakufa, na hapo kuchelewa kunagharimu kiungo. Huyo tunampeleka kwa daktari wa mifupa mara moja. Pia nyonga iliyokwisha kabisa, isiyokupa usingizi, hubadilishwa kwa upasuaji. Hapa Tanzania, taasisi ya mifupa ya MOI iliyopo Muhimbili wanaufanya. Miiba huondolewa humohumo.

Ukija, leta picha yenyewe pamoja na ripoti, dawa zote unazotumia, za kienyeji zikiwemo, na kaptura au suruali pana ya kubadilisha. Ukiwa umeanguka na huwezi kukanyaga, au nyonga inauma na una homa, usije kwetu. Nenda hospitali leo.