Kaka, mjukuu wa manamba si mgeni Korogwe

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako kuhusu posa ya binti yetu umeniuma. Unakiri kijana ana tabia njema na kazi anayo, ila ukoo wake ni "watu wa kuja", kwa kuwa babu yake aliletwa mkongeni kutoka Kigoma kama manamba, kibarua wa mkataba. Ningeweza kukupigia simu tukayamaliza. Najibu hadharani kwa sababu kauli hiyo huku kwetu naisikia misibani, vijiweni, hata watu wakigombea viwanja.

Mkonge wenyewe ulikuja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga. Mashamba yakatanda, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakayauza yale ya Wajerumani. Mengi yakaangukia kwa Wagiriki na Wahindi. Wafanyakazi wakawa tatizo. Wazee wetu wa milimani walikuwa na migomba na mahindi yao, kazi ile hawakuitaka, nami siwalaumu. Basi wakaletwa Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe, Wangoni wa Songea, Warundi, na Wamakonde waliovuka Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuwasaka na kuwasafirisha.

Kazi hiyo unaijua, kaka, japo kwa kuiona. Mkataji anaanza kwa kuondoa mwiba wa ncha ya jani, anakata, anafunga mzigo wa majani 30, anaubeba hadi relini ili upelekwe korona, kiwanda cha kutoa nyuzi. Utomvu unawasha mikono mpaka ngozi inababuka. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30 za kujaza ndani ya siku 42, na usipomaliza kazi ya siku, siku hiyo haiandikwi. Kwa jasho hilo, Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Taifa lilizaliwa mkonge ukiwa mgongo wa uchumi wake.

Wakubwa wa mashamba waliwapanga kambini kwa makabila. Lakini kwenye korona Mha na Mmakonde walisemezana Kiswahili, wakazikana, wakaoana. Likaja wazo jipya, chama cha wafanyakazi: kwamba mtu wa Njombe na mtu wa Kigoma wana dai moja kwa mwajiri mmoja. Mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde wa mwaka 1958 ulikuwa hapa jirani, wala si Dar es Salaam. TANU, iliyoanzishwa mwaka 1954, ilipohubiri kwamba sisi ni watu wamoja, kambini hilo halikuwa geni. Walikuwa wakiishi hivyo tayari, na naamini hapo ndipo Utanganyika ulipojaribiwa kabla bendera haijapandishwa mwaka 1961.

Na sisi Wasambaa tuna nini cha kujivunia kwa uwenyeji? Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Wakilindi, ukoo uliotutawala, alikuja kutoka Nguu. Alikuwa mwindaji aliyekimbia kwao. Wazee walikula nyama ya nguruwe aliowaua, wakamwona mtu wa haki, wakamkabidhi nchi na kumpa mke. Hakuna aliyemwambia arudi alikotoka. Historia hiyo wewe ndiye uliyenisimulia, kaka, tukiwa wadogo.

Babu wa kijana huyu alikata mkonge miaka mingi, akazikwa hapahapa. Baba yake kazaliwa hapa. Binti yetu anampenda, na mama yake ameridhika. Kikao cha ukoo kikikaa nitayasema haya mbele ya wazee, na ninakuomba, wewe kama mkubwa wetu, uipokee barua ya posa kwa mkono wako mwenyewe.

Nduguyo, Korogwe.