Mwanangu, insha yako ilikuwa wapi?

Kwa mwanangu Salim,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi sote hapa Wete ni wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata, na nimesikitika kusoma kwamba insha uliyoichapa kwa saa nzima katika chumba cha kompyuta cha skuli ilipotea umeme ulipozimika, nawe unaona kwamba kompyuta ndiyo iliyokukosea. Hapo sikubaliani nawe, kwani ungelijua insha ile ilikuwa wapi wakati ukiichapa, usingelishangaa kuikosa.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea mambo, na watu wengi, hata maofisini, hupachanganya. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, iitwayo RAM, ambayo ni ya haraka sana lakini hushika kitu kwa nguvu ya umeme tu, kwa hiyo umeme ukikatika vyote vilivyomo hutoweka. Pa pili ni diski, ambayo ni ya polepole zaidi, lakini kilichoandikwa humo hubakia hata kompyuta ikizimwa ikakaa miezi. Kila herufi unayoibonya huingia kwanza kwenye RAM, na unachokiona kwenye kioo ni sura ya kilichomo humo. Hakiandikwi kwenye diski mpaka uamuru kihifadhiwe, kwa kubonya Ctrl na S kwa pamoja. Zipo programu zinazohifadhi zenyewe kila baada ya muda, lakini mimi siziachii kazi hiyo, na sababu ninayo.

Unguja ilipokosa umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu katika njia ya umeme utokao Bara, nilikuwa Mjini nikijifunza kuchapa, nasi darasani tukitumia jenereta. Siku moja mafuta yalikwisha nikiwa katika ukurasa wa sita, na sikuwa nimehifadhi hata mstari. Mwalimu wetu hakunipa pole, aliniuliza tu, "Ilikuwa wapi?" Nilikasirika siku ile, ila swali hilo ndilo ninalojiuliza kila ninapokaa mbele ya kompyuta mpaka leo.

Umeniuliza pia kuhusu biti na baiti. Unajua kwamba vibaba vinne hufanya pishi, maana karafuu umezichuma na kuzipima mwenyewe. Basi na hapa ni vipimo tu: biti ni 0 au 1, biti 8 ni baiti, na baiti 1,024 ni kilobaiti, ingawa wako wanaohesabu 1,000 kamili. Herufi moja ya maandishi yetu ya kawaida hukaa katika baiti moja, kwa hiyo neno "karafuu" lina baiti 7.

Sasa, rafiki yako aliyekushauri uweke kazi zako "winguni" hakukosea, ila jina hilo hudanganya. Kilichowekwa huko kimo katika diski za kompyuta kubwa ziitwazo seva, ambazo huenda ziko Ulaya au Afrika Kusini, na intaneti ndiyo njia ya kuzifikia. Faili unalolituma hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kikabeba anwani ya kinakokwenda, vikasafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari, kisha vikaungwa upya mwisho wa safari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za namna hiyo, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Ofisini kwetu wako waliolia kwamba barua pepe zao zimepotea, nazo zilikuwa salama kwenye seva zikisubiri njia. Vilevile usiseme tena kwamba intaneti na tovuti ni kitu kimoja. Kompyuta zilikuwa zikitumiana ujumbe kwa mtandao tangu 1969, na mfumo wa tovuti tunazozifungua kwa kivinjari ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi.

Kazi yako ikiwa kwenye seva, nywila ndiyo ufunguo wake. Ukitumia kompyuta ya skuli, kufunga dirisha la kivinjari peke yake hakutoshi. Toka kwanza kwenye akaunti, la sivyo atakayekaa baada yako ataweza kuikuta iko wazi. Kazi muhimu iwe na nakala mbili, moja kwenye diski au flashi, ya pili kwenye seva. Usiziweke zote mbili kwenye flashi moja kama afanyavyo baba yako.

Mjomba wako atapanda boti Alhamisi, nami nimempa flashi akuletee dakhalia. Ndani yake nimeweka mafaili mawili, na kila moja lina neno moja tu, "karafuu". La kwanza, la maandishi matupu, lina baiti 7 kama nilivyokueleza. La pili nimelichapa kwa programu tunayochapia barua za ofisi, nalo limepita kilobaiti 10. Tafuta hizo baiti nyingine zimebeba nini, kisha uniandikie.

Wasalaam,
Mama yako