Mashine za kufulia za zamani zikarabatiwe kuanzia ndani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu ukusanyaji wa vyombo vya nyumbani vya zamani, jambo ambalo gazeti lako limekuwa likiliandikia mara kwa mara. Makala hizo zinapogusa mashine za kufulia, picha zinazochapishwa huwa za mashine zilizopakwa rangi upya zikang'aa kama gari la harusi, na pongezi zote humwendea aliyezing'arisha. Mimi ni mkusanyaji wa mashine hizo, pamoja na vikamulio vyake, yaani zile rola mbili za mpira zinazokamua maji kwenye nguo, na pasi za zamani, na nasikitika kusema kwamba pongezi hizo zinaelekezwa mahali pasipo pake. Katika ukarabati wote, kupaka rangi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote, na mara nyingi ndiyo inayoiharibu mashine.

Mashine iliyofua nguo za familia moja kwa miaka mingi hubeba habari zake mwilini. Enameli, yaani tabaka gumu linalong'aa juu ya chuma, iliyofifia upande mmoja tu wa ukingo huonyesha mahali alipozoea kusimama mfuaji; mikwaruzo iliyo chini ya kikamulio huonyesha beseni la kusuuzia lilikokuwa likisukumwa; na ukifungua kifuniko cha mota huenda ukakuta maandishi ya penseli ya fundi aliyebadilisha mkanda au beringi, pamoja na tarehe. Msasa na rangi ya kupuliza hufuta yote hayo kwa alasiri moja. Baya zaidi ni kwamba wapakaji wengi hupitisha rangi hata juu ya kibati cha mtengenezaji, au hukibandua na kukitupa kwa kuwa kimeshika kutu, ilhali kibati hicho ndicho chenye namba ya modeli, namba ya mashine yenyewe, volti, hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) na nguvu ya mota. Bila hicho, mwenye mashine hubaki akikisia.

Na hata kibati chenyewe kina namna yake ya kusomwa. Mashine nyingi za Marekani zimeorodheshewa tarehe za hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi, na wanunuzi huzichukua tarehe hizo kuwa ndizo za kutengenezwa. Tarehe ya mwisho katika orodha hiyo hutuambia jambo moja tu, kwamba mashine haikutengenezwa kabla ya siku hiyo; inaweza kuwa ilitoka kiwandani miaka kumi baadaye. Usomaji wa haraka wa namna hii ndio uliozaa dai linalorudiwa kila mahali kwamba Alva J. Fisher ndiye aliyevumbua mashine ya kufulia ya umeme, kwa sababu tu alipewa hataza mwaka 1910 kwa ajili ya mashine ya Thor iliyouzwa na kampuni ya Hurley ya Chicago. Mashine zilizoendeshwa kwa umeme zilikuwa zimekwisha kutangazwa kwa wanunuzi miaka kadhaa kabla ya hapo.

Kuhusu kuzipata sina mengi ya kusema, kwani hakuna siri. Hupatikana katika stoo na mabanda, katika nyumba zinazohamwa baada ya mwenyewe kufariki, na kwa wauzaji wa chuma chakavu ikiwa utawahi kabla ya nyundo. Ushauri wangu ni kwamba mtafutaji asiiulizie mashine peke yake. Aulizie pia kijitabu cha maelekezo, bomba la kumwagia maji, mpini wa kikamulio na kile kikopo cha skrubu za akiba kilichosahaulika rafuni, kwa kuwa mwili wa mashine hupatikana kwa urahisi kuliko vipande hivyo vidogo. Mafundi waliostaafu ndio hazina kubwa zaidi, maana wengi wao bado wana sili na mipira ya modeli ambazo viwanda vyake vilishafungwa.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, ambayo huanzia kwenye nyaya. Mashine za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilifungwa nyaya zilizokingwa kwa mpira na kufunikwa kitambaa. Kwa macho kitambaa huonekana kizima, lakini mpira wa ndani umekauka. Ukiukunja waya kidogo tu unasikia mpira ukivunjikavunjika, na shaba inabaki uchi ndani ya chombo cha chuma kilichojaa maji, mbele ya mtu mwenye mikono iliyolowa. Nyingi pia zilitoka kiwandani na plagi ya pini mbili, bila waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Anayechomeka mashine ya namna hiyo ukutani ili tu kuona kama mota inazunguka anahatarisha maisha yake, na hapo sioni nafasi ya ubishi kuhusu uhalisia wa kihistoria. Nyaya zibadilishwe, mwili wa mashine uunganishwe na ethi, kinga ya nyaya za koili za mota ipimwe kwa kifaa chake, na umeme upitie kwenye swichi ya kinga inayokata mara moja unapovuja. Nyaya za zamani zitiwe kwenye bahasha na kuhifadhiwa pamoja na mashine, ili atakayekuja baadaye ajue zilivyokuwa.

Jambo linalowasumbua wengi wanaoagiza mashine kutoka ng'ambo ni tofauti ya umeme wenyewe. Wananunua transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 120 na kudhani wamemaliza, wakati transfoma haibadilishi hezi. Mota iliyoandikwa mizunguko 1725 kwa dakika kwenye umeme wa hezi 60 itazunguka takriban 1440 kwenye hezi 50, yaani itapungua kwa sehemu moja ya sita, na kama volti zimeachwa vilevile itapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Mashine ya kawaida ya kikamulio huvumilia upungufu huo kwa vipindi vifupi. Mashine ya kujiendesha yenyewe ni habari nyingine, kwa sababu saa inayopanga hatua za ufuaji nayo huendeshwa na mota ndogo inayofuata hezi, hivyo kila hatua hurefuka.

Baada ya umeme ndipo vije vyuma, na hapa ujuzi wa kutambua aina ya chuma una thamani kuliko nguvu za mikono. Njia nzuri ya kuondoa kutu kwenye vipande vya chuma cha kawaida ni hii: kipande huzamishwa katika maji yenye soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, kikaunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri, na kipande kingine cha chuma cha kawaida kikawekwa upande chanya. Kutu hulegea bila chuma chenyewe kuliwa. Kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa hutoa gesi ya haidrojeni, na upande chanya usiwekwe kamwe chuma cha pua kisichoshika kutu, ambacho huacha sumu ya kromiamu ndani ya maji. Lakini anayezoea njia hii akaipeleka kwenye pipa la alumini atalia, kwa sababu soda huila alumini. Pipa la namna hiyo ndilo lililotumika katika Gyrafoam, mashine ambayo kampuni ya Maytag ya Newton, Iowa, iliitoa mwaka 1922 ikiwa na mhimili wenye mapezi chini ya pipa, unaozisukasuka nguo ndani ya maji. Alumini hiyo inahitaji maji ya uvuguvugu, sabuni laini, brashi ya nailoni na subira.

Kikamulio nacho kina madai yake. Rola zake za mpira, zikiachwa zimebanana kwa miaka, hutengeneza bapa upande mmoja na kisha hazikamui sawasawa tena. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mtu anayeipokea mashine, hata kabla ya kuifuta vumbi, ni kulegeza skrubu ya mkazo iliyo juu ya kikamulio. Mpira uliogeuka mgumu unaweza kuvishwa upya na mafundi wanaotengeneza rola za viwandani, ila wapelekewe kipimo cha kipenyo cha awali na sio cha mpira uliokwisha kulika. Kisha ukaguliwe mtambo wa dharura unaoziachanisha rola kwa pigo moja la kiganja. Mtambo huo haukuwekwa kwa mapambo: vidole, viganja na mikono mizima ya watoto ilivutwa na rola hizo, na majarida ya tiba ya Marekani yaliandika juu ya majeraha hayo mwaka 1938. Mashine ambayo mtambo wake umekwama isiwashwe mbele ya wageni, hata kama imepambwa namna gani.

Kila modeli ina tabia yake ambayo rangi mpya haiwezi kumfundisha mtu. Mashine ya Bendix ya mwaka 1937, ya kwanza kuuzwa majumbani ambayo ilijaza maji, kufua, kusuuza na kukamua yenyewe, haikuwa na springi za kumeza mtikisiko, hivyo ilipaswa kufungwa sakafuni kwa bolti. Anayeiwasha bila kuifunga ataikuta imehama mahali ilipokuwa. Hoover ndogo zilizoanza kutoka kiwanda cha Merthyr Tydfil huko Wales mwaka 1948 zina kisukumio kilichowekwa ubavuni mwa pipa, na sili ya kisukumio hicho ndiyo inayovuja kwanza na kuidondoshea maji mota. Mashine za Maytag zenye injini ndogo ya petroli, zilizotengenezwa kwa ajili ya mashamba yasiyo na umeme, huwashwa kwa kukanyaga pedeli na hutoa moshi kupitia bomba refu linalonyumbuka. Bomba hilo lilipitishwa dirishani, na ni lazima lipitishwe nje hadi leo, kwa kuwa moshi wake huua chumbani.

Kuna pia sumu ambazo hazionekani. Pasi za umeme za zamani na baadhi ya mashine za kukaushia zina tabaka za asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kuzuia joto. Kapasita za mota, yaani vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, zilizotengenezwa kabla ya Marekani kupiga marufuku utengenezaji wa kemikali za PCB mwaka 1979 zinaweza kuwa na mafuta yenye kemikali hizo. Baadhi ya swichi za vifuniko zina zebaki. Na rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Hii ni sababu nyingine ya kutokimbilia msasa, kwani anayesugua kwa msasa mkavu hujaza vumbi la vitu hivyo mapafuni mwake na mwa familia yake. Asbesto isiyochakaa iachwe ilipo na pasi iwe ya kutazamwa tu.

Sisemi kwamba rangi ipigwe marufuku. Chuma kilichotoboka lazima kizibwe, na palipozibwa lazima pafunikwe. Ninachotaka ni kwamba mwenye kukarabati aweze kueleza kila alichobadilisha, akionyesha picha alizopiga kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na vipande alivyovitoa viwe vimewekewa lebo. Mashine iliyochubuka lakini inayofua shuka bila kuvuja wala kupiga shoti imekarabatiwa. Iliyong'arishwa huku mota yake imekwama imepambwa tu, na anayeiuza kwa jina la ukarabati anamdanganya mnunuzi.

Nina ombi moja, Mhariri. Makala zijazo zinapoandaliwa, mwandishi wako amtake mkusanyaji aifungue mashine, na picha ya ndani ichapishwe sambamba na ya nje. Zaidi ya hapo, safu hii iwaalike walioziendesha mashine hizi kwa kazi na si kwa burudani, ambao wengi wao ni wanawake waliokwisha kuzeeka. Wao ndio wanaojua kwa nini nguo nyeupe ziliingia kwanza, kisha za rangi, na za kazi chafu mwisho, katika maji yaleyale yaliyopashwa moto mara moja. Namna ya kukunja shati ili vifungo visipasuliwe na rola. Na kiasi cha sabuni kinachofaa pipa lisilokuwa na alama ya kipimo. Maytag iliendelea kutengeneza mashine za kikamulio hadi mwaka 1983, kwa hiyo watu wenye maarifa hayo bado wapo na wanaweza kuulizwa.

Wako,
Mkusanyaji wa mashine za kufulia