Malalamiko kuhusu krimu yenu ya "madoa ya aina zote"

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KRIMU INAYOUZWA BILA KUTAJA VIAMBATO VYAKE

Nakuandikia kwa niaba ya mdogo wangu, naye ameridhia. Akiwa mjamzito alitokwa na mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo. Alipojifungua alinunua krimu yenu, kwa sababu kopo linasema inaondoa "madoa ya aina zote ndani ya siku 7" na ni "salama kwa kila ngozi". Mwanzoni uso uling'aa, tukafurahi naye. Baadaye ngozi ikawa nyembamba, vimishipa vyekundu vikajitokeza mashavuni, na vipele vikauzunguka mdomo. Kila alipojaribu kuacha, uso uliwaka na kuvimba, na mabaka yakarudi meusi kuliko yalivyokuwa.

Alipowapigia simu, mhudumu wenu alimwambia aendelee kupaka kwa kuwa ngozi "inatoa sumu". Naomba ushauri huo ukome leo. Ngozi iliyovimba na kuwaka haitoi sumu yoyote, imeumizwa. Na kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, mwasho au jeraha huweza kuzichochea seli za rangi kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zaidi, kwa hiyo kumwambia aendelee ni kumwongezea madoa yaleyale aliyokuja kuyatibu.

Daktari wa ngozi alipomwona alisema hizo ni dalili za steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, iliyopakwa usoni kwa muda mrefu. Akauliza krimu ina nini. Tukampa kopo. Kuna picha ya ua na maneno "mimea asilia", basi. Hakuna orodha ya viambato wala namba ya toleo, na hakuna neno hata moja kwa mjamzito au anayenyonyesha. Daktari ikabidi atibu kwa kukisia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tena, hayo "madoa ya aina zote" ni yapi? Mabaka ya mdogo wangu yanaitwa melazma. Huchochewa na homoni za ujauzito au za vidonge vya uzazi wa mpango, na jua huyazidishia. Anayebaki na alama nyeusi baada ya chunusi au ukurutu ana tatizo jingine: bila kutuliza kwanza chunusi au ukurutu wenyewe, alama mpya zitaendelea kuzaliwa. Mwenye mabaka ya fangasi anahitaji dawa ya fangasi. Akipaka steroidi, wekundu na mwasho hupungua huku fangasi wakizidi kuenea kimyakimya. Mwenye vitiligo, ambaye kinga ya mwili wake inashambulia seli za rangi, anatafuta kurudishiwa rangi, nanyi mnamuuzia kitu cha kuiondoa! Wapo pia wenye doa jeusi linalokua au kubadilika umbo, pengine kwenye unyayo au chini ya ukucha. Hilo linaweza kuwa saratani, na muda anaoupoteza akisubiri krimu yenu ifanye kazi unaweza kumgharimu maisha.

Siku 7 nazo hazina msingi. Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban mwezi mmoja au zaidi kujifanya upya, na rangi iliyozama chini hukaa muda mrefu kuliko hapo. Kwa melazma, matibabu ya kweli huanza na kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga hiyo) 30 au zaidi, inayopakwa kila siku na kurudiwa mchana. Ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, inafaa zaidi kwa kuwa huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Juu yake daktari anaweza kuongeza asidi ya azelaiki au dawa nyingine, na mgonjwa akasubiri miezi. Krimu inayong'arisha uso kwa wiki moja lazima ijieleze imewezaje.

Mkikaa kimya, mnatuachia kushuku mabaya zaidi. Je, kuna haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi? Madaktari huitumia kwa kipimo na kwa muda maalumu, lakini ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi kuwa ya samawati iliyokoza, hali ambayo ni vigumu mno kuiondoa. Marekani haiuzwi bila cheti cha daktari tangu 2020. Je, kuna zebaki? Hiyo hudhuru figo na neva, na inaweza kumfikia hata mtoto anayebebwa na mama aliyeipaka. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufikia 2025. Mdogo wangu ananyonyesha. Ana haki ya kujua alichokuwa akikipaka huku amempakata mwanawe.

Ninachodai ni hiki. Nipeni kwa maandishi orodha kamili ya viambato na kiwango cha kila kimoja, pamoja na matokeo ya maabara kuhusu steroidi, haidrokwinoni na zebaki. Ondoeni sokoni makopo yote yasiyo na orodha, na futeni maneno "madoa ya aina zote", "siku 7" na "salama kwa kila ngozi". Mlipe pia gharama za matibabu ya mdogo wangu. Stakabadhi na picha za uso wake nimeziambatanisha.

Orodha ya viambato naihitaji kabla ya mengine yote, kwa sababu matibabu yanaendelea na daktari anaisubiri. Kopo lenye krimu iliyobaki tumelihifadhi. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalikabidhi kwa mamlaka inayosimamia dawa na vipodozi ili lipimwe.

Wako,
Dada wa mteja wenu