Dharura za bara zisingoje lami

Mhariri,

Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, sisi wa Kilifi tumeona majengo mapya si haba. Lakini hospitali kubwa bado zimefuata lami: Kilifi na Malindi upande wa pwani, Mariakani kwenye barabara ya Nairobi. Aliyeumwa na nyoka usiku ndani ndani Ganze hubebwa kwa bodaboda, tena ya kukodi. Shemeji yangu alijifungulia njiani. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Kabla ya kupandisha hadhi zahanati kwa kubadilisha kibao, huduma zipangwe upya: huku bara kuwe na ambulensi yenye mafuta, daktari wa zamu ya usiku na damu kwenye jokofu.

Mkazi wa Ganze, Kilifi