Salamu za Pasaka, na padri asiye na kanzu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Nawaandikia alasiri ya Jumamosi Kuu, mchele wa pilau ya kesho ukiendelea kuchaguliwa na watoto wakikatazwa kugusa nguo mpya. Jana, baada ya Njia ya Msalaba, nilikaa na mama tukatazama sinema ya zamani, The Fugitive ya John Ford, ya mwaka 1947. Wajukuu walipoona haina rangi wakatoroka. Mama akabaki.

Henry Fonda anaigiza padri anayewindwa na serikali iliyopiga marufuku dini, katika nchi isiyotajwa jina, ingawa picha zilipigwa Meksiko na visa ni vya huko. Mwanzoni anasukuma milango ya kanisa lililohamwa, anasimama amenyoosha mikono, na kivuli chake kinalala sakafuni kama msalaba. Baadaye anahangaika kutafuta divai ya Misa, maana pombe ni marufuku. Anaipata kwa magendo, kisha watu wanainywa mbele ya macho yake, glasi baada ya glasi, naye hathubutu kusema ni ya nini. "Jamani, hiyo ni ya altareni!" mama akaifokea runinga.

Nina neno moja na Ford. Katika riwaya ya Graham Greene iliyozaa sinema hii, padri ni mlevi na ana mtoto wa nje. Ford akamsafisha, mtoto akamtwika ofisa wa polisi. Hapo chumvi ilipungua: yule mchafu anayetetemeka, lakini akiitwa kubatiza anakwenda, ndiye ningependa kumwona. Mama hataki kusikia. Kwake padri ni padri.

Nikamsimulia habari za Padre Miguel Pro, Mjesuiti aliyezunguka Mexico City kwa baiskeli akigawa Komunyo kwa siri, wakati serikali ya Meksiko ilipolikandamiza Kanisa. Alipigwa risasi Novemba 23, 1927, mikono ameinyoosha vilevile. Mwaka 1988 akatangazwa mwenyeheri. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hiyo baiskeli nani aliichukua?"

Kwetu milango iko wazi. Moto mpya unawashwa nje ya kanisa saa mbili usiku. Mama ameshatia mshumaa wake mkobani, na kipande cha karatasi ngumu cha kukinga nta isimchome vidole. Mwaka jana aliungua.

Heri ya Pasaka kwenu nyote. Mkiwahi, tushikieni nafasi, mama hawezi kusimama muda mrefu.