Makumbi mekundu chini ya mchu

Wete, Pemba
12 Juni

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na mama na wadogo zako huko Mjini Unguja. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Masika yamekwisha, kusi limeshika, na asubuhi mtu hutoki bila kanga ya pili. Bibi anakusalimu sana. Kila nikishika kalamu ananiuliza kama nakuandikia wewe.

Juzi uliniuliza habari za zile taka za pwani yetu na simu ikanizimikia nikiwa ndiyo kwanza naanza. Afadhali ilizima, maana kwa simu ningekupa nusu tu.

Klabu yetu ya mazingira unaijua ilivyokuwa. Kila mwezi tunashuka pwani na mapakacha, tunaokota, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Mwezi unaofuata taka ziko palepale, utadhani tulizipanda. Mwaka huu nilichoka, na nikamwambia Maalim wa bayolojia wazi kwamba sioni maana ya kufagia ua ambao mtu anaumwagia mchanga kila siku. Yeye akaniuliza tu, "Mnajua zinatoka wapi?" Nikamjibu pale pale: zinatoka ng'ambo, bahari ndiyo inayotuletea.

Sikusema uongo mtupu. Unakumbuka siku tuliyokwenda pwani ya Vumawimbi, ukaokota chupa yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma? Maalim alitueleza kwamba upo mkondo unaoivuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, ukikaribia Afrika unagawanyika, na tawi lake moja linapanda kaskazini kupita pwani yetu hii. Kila kinachoelea unakibeba. Akatuhadithia Aldabra, visiwa vya Shelisheli visivyo na kijiji wala duka, wanaishi kasa na makobe wakubwa na watafiti wachache. Mwaka 2019 vijana wa Shelisheli na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford walikwenda kusafisha, wakaondoa tani 25 za taka, na ndani yake kandambili kwa maelfu. Nani alizivaa kandambili hizo pale? Mungu anisamehe, habari ile ilinifurahisha. Niliona nimepata ushahidi kwamba wakosaji wako mbali.

Maalim hakubishana nami. Alitutuma tuokote sehemu mbili, Vumawimbi na ndani ya mikoko yetu, tusizichanganye, kisha tuzimwage darasani tuzisome. Shoga, tulizisoma moja moja kama barua. Za Vumawimbi zilichujuka kwa jua na chumvi, nyingine zimeshikwa na vikonokono, lugha zake hatuzijui. Za kwenye mikoko zilikuwa na rangi zake kamili. Chupa za maji, pakiti za sabuni ya unga inayouzwa dukani kwa jirani, mifuko ya mchele, vipande vya nyavu za nailoni, pampasi, Mungu wangu, pampasi zilivyokuwa nyingi. Ikatoka na kandambili ndogo ya buluu yenye kamba iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Mwenzetu mmoja akaishika, akaigeuza, akasema, "Hii ya mdogo wangu. Nilimshonea mimi." Darasa zima likanyamaza. Kandambili ile haikuvuka bahari yoyote.

Na yale tuliyoyaona mikokoni sikuwahi kuyatazama vizuri kabla ya hapo. Unaijua mizizi ya mchu, mkoko ule, inavyochomoza kwenye tope kama vidole. Hizo ndizo pua za mti, ndipo unapovutia hewa, kwa kuwa ndani ya tope lile hewa haimo. Sasa juu ya vidole vile ilikuwa imelala mifuko na maturubai yaliyochanika, tabaka juu ya tabaka, na ukiifunua inatoka harufu ya kitu kilichozikwa kikiwa hai. Mifuko ya plastiki ya kubebea tumekatazwa tangu 2006, mimi na wewe hatujazaliwa, na Bara wakafuata mwaka 2019. Wazee wanasema zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, na mimi nawaamini. Lakini makatazo ya mifuko hayakuigusa chupa, wala pampasi, wala pakiti ya sabuni.

Nikajiuliza, vitu hivi vinafikaje mikokoni wakati kijiji chetu ni kidogo namna hii? Tukaufuata mfereji kwenda juu. Ulitupeleka mpaka bonde la mpunga, ukapita bondeni, ukafika nyuma ya nyumba za watu wa bondeni kule juu, na pale ukingoni mwa mfereji ndipo palipo jaa lao. Jaa letu nalo liko ukingoni, chini kidogo. Gari la taka huku halifiki, watu wamwage wapi? Mvua ikija inafagia, na mwenye nyumba anaona Mungu amemsaidia.

Basi tukaenda kuwaona wanafunzi wa skuli ya bondeni. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Mvulana mmoja alisimama akasema mambo ya bahari waulizwe watu wa bahari, wao ni wakulima. Wenzake wakampigia makofi. Mmoja wetu akajibu kwa hasira, na mkutano ukavunjika kabla ya adhana ya alasiri. Niliporudi nyumbani sikuweza kula.

Aliyetuokoa ni msichana wa huko huko bondeni, mpole, hata sauti yake siku ile hatukuisikia. Alimfuata Maalim peke yake akamwambia: kama mnasema maji yanabeba, tuyape maji kitu cha kubeba tuone. Kitu chenyewe kisiwe plastiki. Akataja makumbi ya nazi. Kumbi linaelea, haligharimu kitu, na likipotea linaoza. Lakini pwani yetu imejaa makumbi ya watu wanaofukia kwa ajili ya usumba, tungeyatambuaje? Akasema yachemshwe na rangi ya ukili. Mama yake anasuka mikeka.

Tukatengeneza makumbi 60. Mekundu thelathini ya jaa la bondeni, ya manjano thelathini ya jaa letu, kila moja limekatwa pembe ili tusidanganyane. Siku mawingu yalipofunga upande wa kusini tukayatupa, wao juu na sisi chini, halafu ikanyesha usiku kucha. Sikulala. Nilikuwa nasikiliza bati na kuomba isikatike.

Asubuhi maji yalikuwa ya bamvua, ilibidi tusubiri yapwe. Tulipoingia kwenye tope, la kwanza tulilolikuta lilikuwa la manjano, na hilo halikumshangaza mtu. La pili tukalikuta limekwama kwenye vidole vya mchu, kati ya chupa mbili na pampasi. Lilikuwa jekundu, jekundu hasa, kama lilitoka sufuriani saa ile ile. Kwa siku tatu tuliokota mekundu kumi na moja. Hayo mengine yalikwenda na maji yalikokwenda, na sasa kila nikitazama mlango wa bahari najua kuna kitu chetu huko nje.

Tuliwapigia simu wenzetu wa bondeni. Walishuka kwa miguu, ndara mikononi, na yule mvulana aliyesimama siku ya kwanza alikuwemo. Hatukuwaambia lolote, tuliyaacha makumbi pale pale yalipokwama. Yule mvulana aliinama akalitoa moja, akaitazama ile pembe iliyokatwa, maana aliikata mwenyewe. Akauliza, "Mna gunia?" Wakaingia kwenye tope nasi mpaka magharibi.

Tangu siku hiyo hatuna tena klabu mbili.

Ngoja nikueleze na lililoniuma. Katika zile taka za mikokoni zilikuwemo tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, vingi kupita kiasi. Mimi nikaenda kwa mama mkubwa na maneno yangu ya klabu, nikamwambia kwamba wakulima wa mwani nao wanachafua. Aliniangalia kwa muda. Akasema, "Mwanangu, mwani unakufa kwa maji ya moto, bei haipandi, mgongo wangu ndio huu. Leo na wewe umekuja kunihukumu kwa kamba?" Nilitamani ardhi inimeze. Mwani unalimwa kibiashara visiwani kwetu tangu 1989, na wewe unajua ada na madaftari yangu yametoka wapi. Sikuwa na haki ya kusimama mbele yake namna ile.

Nilimwomba radhi. Bamvua lililofuata nikashuka naye shambani, nikafunga mbegu naye kuanzia maji yalipopwa hadi yalipotufika kiunoni. Ndipo nilipoona: ukivuna, unakata, kikamba kinadondoka, na mikono yako yote miwili ina kazi, hukiokoti. Jioni nikamwambia yeye ndiye ajuaye, mimi sijui, afanyeje mtu? Akasuka kikapu kidogo cha ukili cha kufunga kiunoni. Sasa wenzake wanne wanavyo. Vikamba vizima wanavitumia tena, vilivyochakaa wanavirudisha nchi kavu. Wazo hilo si la klabu, ni lake, na popote ninapolisimulia nasema hivyo.

Siku ya Bahari Duniani, tarehe 8 mwezi huu, tulikwenda mnadani skuli zote mbili. Mwenzetu mmoja alitangulia kusoma takwimu: kwamba mwaka 2010 peke yake wanasayansi walikadiria plastiki iliyoingia baharini duniani ni kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7. Watu walisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kuulizana bei ya dagaa. Tani milioni mtu ataziwekea wapi akilini? Ndipo tukaleta mapakacha mawili. Moja lina taka tulizozitoa mferejini nyuma ya nyumba, la pili lina za mikokoni. Tukawaomba watu watuambie lipi limetoka wapi. Walizunguka, wakachokoa kwa vijiti, wakabishana. Mzee mmoja mvuvi akasema, "Haya yote ni pakacha moja." Hapo tukatoa makumbi mekundu tukaeleza, na safari hii hakuna aliyeuliza bei ya kitu.

Mwalimu wa madrasa alikuwepo, akasimama bila kuombwa. Alikumbusha kisa cha kisiwa cha Misali, unakijua, kwamba inasimuliwa Nabii Khidhri alifika kule akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, hicho ndicho msala wake. Mwalimu akauliza, "Nani kati yenu atatupa pampasi juu ya msala?" Wanawake wengine walijifunika nyuso. Mimi nilitamani asiwatazame wao tu, kwa sababu pampasi si ya mama peke yake, na nilimwambia hivyo baadaye kwa heshima. Alikubali. Ijumaa iliyofuata aliwasemesha akina baba.

Masheha wawili wamekaa wakakubaliana majaa yote mawili yahamishwe mbali na mfereji, yachimbwe mashimo. La bondeni limeshachimbwa, vijana walilichimba wenyewe. La kwetu bado, kuna mgogoro wa kiwanja. Na pampasi hata zikiwa shimoni zitabaki kuwa pampasi. Hilo hatujalipatia dawa, na linaninyima raha. Bibi anasema zamani watoto walivishwa winda, likafuliwa, likaanikwa. Nimeanza kuwauliza akina mama wadogo wangekubali nini, na safari hii nauliza kabla ya kusema.

Sasa nakuja kwako. Hapo Darajani unaponunua urojo, zamani maji ya bahari yalikuwa yakipita, na daraja lilikuwa daraja kweli, ndiyo maana pakaitwa hivyo. Palifukiwa, lakini mvua bado inashuka na lazima ipate pa kutokea. Mfereji wa mtaani kwenu unamwaga wapi? Nimekufungia makumbi sita mekundu, nimempa kaka yangu anayekuja na boti ya Jumatatu. Yafiche mpaka vuli. Tafuta wenzako wa skuli yako na wa skuli ya mtaa wa juu yenu, na msianze kwa hotuba kama tulivyoanza sisi. Mvua ikifunga yatupeni, kisha mteremke kuyangoja. Utakapoliona la kwanza nipigie hata iwe usiku wa manane.

Msalimie mama sana. Mwambie karafuu alizoagiza nimezitia kwenye mfuko huo huo wa makumbi, asishangae zikinukia ukili.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa dawati moja